Mgongo wa Eimu

Jumamosi moja, saa nane na nusu mchana, Roselyne, mama wa mwanafunzi wangu Muthoki, aliingia kwangu bila kubisha hodi. Roselyne ni mtu wa Mbooni, na mtu wa Mbooni hubisha hodi hata mahali pasipo na mlango, kwa hiyo kabla hajafungua kinywa nilikuwa nimeshaweka kalamu chini.

"Mwalimu, Muthoki ako hapa?"

"Hayuko. Sijamwona tangu jana shuleni."

"Alitoka asubuhi akasema anaenda kusoma. Nikajua ni kwako." Alikuwa anahema, na leso ilikuwa imemteleza mabegani. "Amebeba hiyo kitabu yako na chupa ya maji. Mpaka saa hii hajarudi kula."

Hapo nikaogopa. Sikuogopa kama mtu anayejiuliza mtoto yuko wapi. Niliogopa kwa sababu nilijua alipo, na nilijua ni nani aliyemtuma huko. Nilimtuma mimi, kwa maandishi yangu, na picha nikamchorea.

Naitwa Ndunge. Nafundisha Gredi ya Tatu katika shule moja ya msingi nje kidogo ya Ikutha, na kila likizo kwa miaka mitatu nimekuwa nikienda chuo kikuu kuongeza digrii, kama walimu wengine wote wenye mishahara midogo na vichwa vikubwa. Mwaka jana fasihi ya watoto tulifundishwa na Dakta Wakiuru, mama mfupi mpole ambaye hakuna mtu aliyethubutu kuchelewa darasani kwake. Alitugawia vitabu vya watoto akatuambia tuhesabu. Ni wasichana wangapi wanapanda miti? Ni wavulana wangapi wanachota maji? Msitu ukitajwa, unatajwa kama kitu cha kuogopwa au kitu cha kukatwa? Mimi nilipewa vitabu kumi na viwili, na katika vyote sikupata msichana hata mmoja juu ya mti. Msichana akiingia msituni anamezwa. Mvulana akiingia anatoka na asali.

"Mwanamke na msitu wametiwa gunia moja," Dakta akatuambia. "Kwanza wanaogopwa, halafu wanafungwa, halafu wanatumika mpaka waishe." Nililiandika neno hilo kwenye daftari nikalipigia mistari miwili.

Nilirudi nyumbani nimewaka moto. Hadithi ya kwanza niliyoitolea macho ilikuwa ya bibi yangu mwenyewe, ambaye kwa Kikamba tunamwita Susu.

Chini ya kijiji chetu kuna mto wa mchanga, ule wa kupitisha maji wiki mbili kwa mwaka, na kando ya mto kuna kichaka cha miti mikubwa kinachoitwa ithembo. Zamani wazee walitoa sadaka hapo mvua ikikataa. Siku hizi sisi ni watu wa kanisa na mvua tunaiombea kwa kipaza sauti, lakini hakuna mtu aliyewahi kukata hata fimbo mle ndani, kwa sababu ya eimu. Eimu ni zimwi. Huyu wa Susu alikuwa na tumbo kubwa kama ghala, alikaa katikati ya ithembo, na msichana aliyekwenda huko peke yake alimezwa mzima mzima. Kisha kaka yake akaja na shoka, akalipasua lile tumbo, msichana akatoka, akamfuata kaka yake nyumbani, akaolewa. Mwisho. Nililala na hadithi hiyo utoto wangu wote, na si mara moja wala mbili nilizolowesha godoro kwa ajili yake.

Basi nikaiandika upya. Msichana wangu nilimwita Kalunde. Kalunde anaingia ithembo peke yake, haogopi, na anagundua kwamba eimu si zimwi. Ni kilima kidogo chenye joto, kinachopumua moshi mweupe, na ni mpweke kwa kuwa dunia nzima inamkimbia. Kalunde anapanda mgongoni kwake, anakaa, anamwimbia, na eimu kwa furaha anatoa maji. Picha nilichora mwenyewe: kilima cha mviringo, moshi, msichana juu anacheka. Nikatoa kopi arobaini na moja pale Ikutha, nikazibana kwa stepla, nikazigawa darasani mwezi wa tano.

Watoto walikipenda kitabu hicho mpaka kurasa zikaota masikio. Muthoki, mtoto wa miaka tisa ambaye darasani hujibu kwa kutikisa kichwa, alikikariri chote. Alikisoma njiani, alikisoma kwao jioni, aliwasomea mbuzi. Nilijiona nimefanya kazi ya maana, na sitaficha kwamba nilijisifu.

Susu naye nilimsomea, nikimgeuzia kwa Kikamba. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Ile nyingine iko wapi?"

"Nyingine gani, Susu?"

"Hii umeifunga kabla haijaisha."

Nikacheka. Susu ana miaka themanini na kitu, nikasema moyoni kwamba umri umeanza kumpokonya vitu. Nikamtilia chai nikaenda zangu.

Sasa Roselyne alikuwa amesimama mbele yangu na mimi nilikuwa natafuta viatu. Kwenda ithembo peke yake ilikuwa hatari ya kutosha, kuna nyoka, kuna kupotea. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Alhamisi, nikiwa uwanjani na watoto, niliona moshi ukipanda upande wa mto. Nilidhani ni mtu anachoma magugu shambani. Nikapuliza filimbi tukaendelea na michezo.

"Baba Muthoki yuko wapi?" nikamuuliza.

Roselyne akatazama mlango. "Ako kazi."

"Kazi gani?"

"Mwalimu, si unajua vile kiangazi kimetufanya. Mbuzi zimeisha." Akaifunga upya leso ambayo ilikuwa imefungwa vizuri. "Musyimi anachoma makaa. Usiniulize ni wapi, makaa wamekataza."

"Nakuuliza ni wapi."

"Hapo kwa ithembo." Alilisema kwa sauti ya chini, kama tuko kanisani. "Zamani hangeingia huko hata ungempa ng'ombe. Lakini Muthoki alikuwa anamsomea hiyo kitabu kila jioni. Akacheka sana. Akasema kumbe miaka hii yote tunatoroka kilima. Wiki iliyoisha akabeba shoka akaenda."

"Muthoki anajua baba yake yuko huko?"

"Hajui. Tulimwambia ameenda Mutomo kutafuta kibarua."

Asiyejua jinsi makaa yanavyochomwa kwetu nimweleze. Magogo hupangwa chini, yanafunikwa nyasi, halafu udongo juu ya nyasi, mpaka inakuwa tuta kubwa la mviringo. Moto huwashwa ndani na kuachwa ule polepole kwa siku nyingi. Kwa nje unaona udongo tu, na matundu madogo yanayotoa moshi mweupe. Ukiligusa lina joto. Na ndani, kadiri magogo yanavyoliwa, panabaki uwazi, na juu ya uwazi huo ni ganda la udongo ambalo halijui kubeba mtu. Kila anayechoma makaa anamjua mtu aliyewahi kukanyaga tanuri likamfungukia.

Kilima kidogo chenye joto, kinachopumua moshi mweupe. Nilikuwa nimemchorea mtoto wa watu tanuri la makaa, nikamweka Kalunde juu yake, nikamchora anacheka.

Sikumwambia Roselyne. Nilisema, "Twende," na sauti iliyotoka haikuwa yangu. Tulikimbia. Niliomba njiani, niliomba vibaya, bila utaratibu, nikimwahidi Mungu vitu ambavyo hata sina. Nilikuwa nikisema, asiwe amepanda, asiwe amepanda tu, awe amepotea, awe ameumwa na siafu, chochote, lakini asiwe amepanda.

Nyumba ya Susu iko mwisho wa njia, pale inaposhukia mtoni. Alikuwa nje anapepeta mbaazi. Susu hajui Kiswahili zaidi ya kile cha kununulia chumvi, kwa hiyo maneno yake yote humu ni ya Kikamba na mimi ndiye ninayeyaweka hivi.

"Alipita asubuhi," alisema. "Akanisalimu vizuri, mtoto mwenye adabu. Nikamuuliza unakwenda wapi, akaniambia anakwenda kumwimbia mtu aliye peke yake. Nikadhani ni mambo yenu ya shule."

"Susu, Musyimi ametia tanuri la makaa mle ndani."

Aliweka ungo chini. Hakuuliza tanuri liko sehemu gani wala ni kwa ruhusa ya nani. Aliingia ndani akatoka na mti wake wa kuchimbia, ule mrefu wenye ncha waliokuwa wakichimbia visima mchangani enzi zao, na akatangulia. Sijui niuite mwendo gani. Hazikuwa mbio, lakini sikuweza kumpita.

Mchangani tulizikuta nyayo. Ndala ndogo, zimepangana, zimenyooka kutoka ukingo huu hadi ule. Mtoto mwenye woga huacha nyayo zinazogeukageuka. Hizi hazikugeuka hata mara moja. Mimi ndiye niliyemfundisha kutoogopa namna hiyo.

Ndani ya ithembo sikupatambua. Nilikuwa nimeingia mara moja tu nikiwa mtu mzima, kwa ujasiri wa digrii, na siku hiyo jua halikupita kwenye majani. Sasa kulikuwa na mbingu juu. Migunga sita au saba ilikuwa visiki, utomvu bado haujakauka, na mkuyu mkubwa ulikuwa umekatwa tawi la upande mmoja. Moshi ulikaa chini, unauma macho. Roselyne alianza kuita jina la mtoto na mimi nikamshika mkono anyamaze, kwa sababu nilikuwa nimesikia kitu.

Ulikuwa ni wimbo. Nilikuwa nimeutunga mimi, ule wimbo wa Kalunde, maneno manne yanayorudiwarudiwa. Uliimbwa kwa sauti ndogo, ukakatwa na kikohozi, ukaanza tena.

Tulipopita mkuyu tukaona. Tuta lilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiria, refu kama mtu na pana kama chumba, na Muthoki alikuwa juu yake, karibu na kilele, amesimama. Kitabu kilikuwa kwapani. Alikuwa ameacha kuimba. Mguu wa kulia ulikuwa umezama mpaka kwenye kifundo, na alipouvuta ukatoka bila ndala, na alipoukanyagia mbele ukazama tena. Moshi ulitoka pale mguu ulipotoka. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama udongo kwa mshangao, kama mtu aliyedanganywa na rafiki.

Musyimi alikuwa chini upande wa pili, mikono ameinyoosha. Wachoma makaa hulinda tanuri usiku na kulala mchana, na yeye alikuwa amelala kivulini huko nyuma, wala mtoto hakujua yupo, wala yeye hakujua mtoto yupo, mpaka wimbo ulipomwamsha. Baadaye mtoto alituambia kwamba tangu asubuhi alikuwa amekaa chini ya mkuyu akimsomea eimu kitabu kwa sauti ya chini, na ndiyo kwanza alikuwa amepanda.

"Kimbia, Muthoki," alikuwa anasema. "Kimbia kuja kwa baba. Kimbia tu, nitakushika."

Mtoto akapiga hatua moja kumfuata baba yake. Ganda likalia, likatoa ufa kutoka mguuni kwake mpaka ubavuni, na ndani ya ufa nikaona wekundu. Musyimi akaweka mguu kwenye tuta ili ampandie, na udongo wa upande wake ukaporomoka. Roselyne alikaa chini hapo hapo. Mimi nilisimama. Ningependa kusema kwamba nilifanya jambo fulani, lakini nilisimama tu, na nilichokuwa nikikiona ni ukurasa wa tisa wa kitabu changu.

"Musyimi, nyamaza," Susu akasema. "Na utoe huo mguu. Uzito wako ndio utakaommeza."

Alisema kama anavyowaambia watoto waondoke kwenye mbaazi zake. Musyimi akatoa mguu.

Kisha Susu akaanza kusimulia. Alisimama mbele ya tanuri, ameegemea mti wake, akamtazama Muthoki, akaanza kwa ile sauti yake ya hadithi ambayo niliijua kabla sijajua kusema.

"Kaka yake alipofika na shoka akalipiga tumbo la eimu," alisema. "Tumbo likafumba. Akalipiga tena, likafumba zaidi. Akamwita dada yake, kimbia. Msichana akakimbia, na kila alipokanyaga, tumbo likamvuta chini. Unanisikia, Muthoki?"

Muthoki akatikisa kichwa kwamba anasikia.

Mimi sikuwa nimewahi kuisikia sehemu hiyo. Nilikuwa na miaka thelathini na nne na digrii ikiwa njiani, na sikuwa nimewahi kuisikia.

"Msichana akamwambia kaka yake, nyamaza. Kisha akalala. Lala, binti yangu. Lala kifudifudi, polepole, usikae kwanza, nenda chini na mikono. Hivyo. Eimu humeza aliyesimama. Aliyelala hamwenei mdomoni. Fungua mikono, fungua na miguu, kuwa mpana."

Muthoki akalala. Udongo ukalia tena chini yake lakini haukukatika. Kitabu kilimtoka kikateleza kikaingia kwenye ufa, na sekunde ile ile kikawaka. Mtoto akakitazama.

"Susu, inachoma."

"Inachoma, ndiyo. Yeye pia ilimchoma," Susu akasema bila kupandisha wala kushusha sauti. "Lakini hakusimama. Akavuta kiwiko cha kulia. Vuta. Akavuta goti. Akavuta kiwiko cha kushoto. Alitambaa kama kenge, tumbo halikuacha ardhi, na hakutazama alikotoka. Nitazame mimi."

Akamnyooshea ule mti wa kuchimbia. Mti ulikuwa mfupi kwa kiasi cha mkono mmoja. Sijawahi kuogopa vile na naomba nisiogope vile tena. Kiwiko, goti, kiwiko. Alikuwa anakohoa, na kila akikohoa mwili wake mzima ulidunda juu ya lile ganda. Kiwiko. Goti. Vidole vyake vikagusa ncha ya mti, vikaikosa, vikaishika. Musyimi alikuwa amezunguka akaushika mti, na yeye na Susu wakavuta pamoja, mtoto akateleza ubavuni na udongo ukamfuata, na kabla hajafika chini vizuri kilele cha tuta kikaingia ndani. Kilitoa sauti kama mtu anayeshusha mzigo. Moto ukasimama pale alipokuwa amesimama yeye.

Hapo ndipo Muthoki alipolia, na mama yake akalia, na mimi pia.

Tulimpeleka hospitali ya Mutomo kwa pikipiki mbili, mtoto katikati ya mama yake na dereva, mimi na Musyimi nyuma tukila vumbi. Miguu ilikuwa imeungua, viwiko vimeungua, na tumbo. Walituambia atatembea, lakini si mwezi huu.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikwenda kwa Susu nikamkuta anamalizia mbaazi zile zile.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Hadithi ile ni vipande viwili," alisema. "Cha kwanza huambiwa kila mtu, wavulana hasa, ili wamwogope eimu na mashoka yao yakae mbali na ithembo. Mle kaka tunamwacha ashinde, lakini kweli iko kwenye cha pili. Cha pili huambiwa msichana siku anapoanza kushuka kisimani, kule mchangani. Visima vyetu vilikuwa na kina cha watu watatu. Kuta za mchanga humeza, na msichana akisimama kukimbia ndiyo basi. Wewe ulipofika umri wa kushuka walikupeleka bweni. Ulikuwa unakunywa maji ya bomba."

"Na wengine waliobaki hapa?"

"Waliletewa kisima cha mashine. Hakuna aliyeshuka tena. Ningemwambia nani? Mama yake huyu mtoto ni wa Mbooni, kule maji yanakuja yenyewe."

"Lakini nilipokusomea kitabu changu, Susu. Ungesema."

"Nilikuuliza ile nyingine iko wapi," alisema. "Ukanipa chai."

Nilikuwa nimesafiri mpaka chuo kikuu kujifunza kwamba msichana haokolewi na kaka na shoka lake. Dakta Wakiuru alisema kweli, na hata leo nasema alisema kweli. Ila bibi zangu walikuwa wanalijua neno hilo siku nyingi, wakalificha chini ya mchanga ambako asiyechimba halipati, na mimi nikaishika ile nusu ya juu, nikaihukumu, nikaitupa. Usilolijua ni usiku wa kiza. Mimi niliwatoa watoto woga wao nikawaacha na mikono mitupu.

Jumanne nilimkuta Musyimi nje ya wodi, amekaa kwenye benchi. Alisimama aliponiona. Nilitegemea maneno makali, na nilikuwa nimejiandaa kuyapokea.

"Mwalimu, mimi sikulaumu," alisema. "Makaa ni yangu. Shoka ni yangu. Lakini nataka nikuombe kitu kimoja." Alitazama mikono yake, ambayo pia ilikuwa imefungwa bandeji kwa kumpokea mtoto kwenye udongo wa moto. "Rudisha huyo eimu. Mimi nilikuwa namwogopa. Na vile nilikuwa namwogopa, mtoto wangu alikuwa salama."

Nilikwenda nyumbani nikakaa mezani siku tatu. Kuandika kulikuwa kumekuwa jambo la kutisha. Nikiandika neno panda, naona mtoto anapanda. Nikiandika joto, naona mkono unanyooshwa kugusa. Shuleni watoto arobaini waliniuliza Kalunde amefanya nini baadaye, na mimi, niliyezoea kuwajibu hata kabla hawajamaliza kuuliza, niliwatazama nikaogopa kila mmoja wao, kwa sababu nilijua wataamini.

Ijumaa jioni nilikuwa na kurasa sita. Kilima hakikuwepo tena. Eimu alikuwa zimwi mwenye tumbo, na vipande vyote viwili vilikuwepo, na kaka alipofika na shoka alinyamazishwa, na shoka likabaki ukingoni mwa mto likashika kutu. Jumamosi nikampelekea Muthoki wodini. Nilimsomea yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa amelala chali, miguu imefunikwa, macho kwenye dari.

Nilipomaliza akaacha dari akanitazama.

"Huyu mpya anachoma?" akaniuliza.

"Anachoma."

"Anaumwa upweke?"

"Hapana. Yeye anapenda kuwa peke yake."

Akafikiri. "Na kaka akirudi na shoka ingine?"

"Eimu atammeza. Kaka yeye hajui kulala chini, hakufundishwa."

"Baba atasoma?"

"Utamsomea wewe, kama ulivyomsomea ile."

Muthoki aligeuza kichwa akatazama mlangoni, ambako baba yake alikuwa amesimama akizungumza na nesi, ametugeuzia mgongo. Alimtazama sana, huyu mtoto ambaye wiki moja iliyopita alikuwa hamwogopi mtu wala zimwi. Kisha akanivuta mkono niiname.

"Muongezee meno, mwalimu," aliniambia sikioni. "Baba haogopi haraka."